Kifua cha Schneeberg

Milima ya Erzgebirge, mpakani mwa Ujerumani na Ucheki, ilianza kuchimbwa kwa ajili ya madini ya fedha. Georgius Agricola, tabibu aliyewahi kutibu wachimbaji wa huko, aliandika katika kitabu kilichotoka 1556 kwamba vumbi kavu la migodini huyala mapafu, na kwamba kwenye milima ya Carpathia walikuwapo wanawake walioolewa mara saba, waume wote wakamalizwa na maradhi hayo.

Mjini Schneeberg, huko Erzgebirge, maradhi hayo yalizoeleka hata yakaitwa Bergsucht, ugonjwa wa mlimani. Aliyekohoa na kukonda, watu walisema ana kifua, basi. Mnamo 1879 madaktari wawili, Härting na Walther Hesse, walipasua maiti za wachimbaji wakakuta uvimbe wa saratani. Kwa hesabu yao, saratani hiyo iliua robo tatu hivi ya wachimbaji waliofariki. Walishuku aseniki; mionzi ilikuwa bado haijagunduliwa.

Mwamba wenye urani, kama wa huko, hutoa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, nyingi hutoka tena na pumzi. Lakini gesi hiyo ikivunjika huzaa chembe za poloni, nazo hunasa kwenye vumbi, vumbi likaganda njiani mwa pumzi, likachoma taratibu. Hayo yalielezwa Marekani na mtafiti William Bale mwaka 1951.

Wakati huo milima ileile ilikuwa imeshafunguliwa upya. Tangu 1946 Wasovieti walitaka urani ya bomu, wakachimba chini ya kampuni ya Wismut. Keekee zilitoboa mwamba mkavu, na maji ambayo yangegeuza vumbi kuwa tope yalikuja kuenea katikati ya miaka ya 1950. Hadi 1990 watu wapatao 400,000 walikuwa wamepita humo; wenye saratani ya mapafu waliotambuliwa rasmi kuwa waliipata kazini walizidi 5,000, na walioharibiwa mapafu na vumbi la mawe walikuwa wengi zaidi.

Wachimbaji walipewa mgao wa pombe kali ya bei nafuu. Wenyewe waliibatiza Kumpeltod: kifo cha mchimbaji.