Nyumba ya Olmotonyi na Paa Lake

Leo twataka kuwaeleza jinsi nyumba zilivyobadilika katika miteremko ya Mlima Meru, hasa upande wa Olmotonyi, penye chuo cha misitu na mashamba ya misonobari. Mtu atakaye kujenga nyumba ya kisasa shambani kwake yafaa ajue habari hizi kabla ya kuchimba msingi.

Hapo kale Waarusha na Wameru walijenga nyumba za mviringo. Kuta zilikuwa za miti iliyokandikwa udongo na samadi, na paa la msonge liliezekwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba. Moto uliwaka ndani, na mifugo ililala humo humo. Nyumba hizo zilikuwa na joto usiku wa baridi, na moshi uliwafukuza wadudu walao miti ya paa. Lakini moshi huo huo uliumiza macho na vifua, na cheche moja yaweza kuteketeza nyumba nzima.

Mwaka 1900 boma la Wajerumani lilisimama Arusha, na waliolazimishwa kulijenga ni Waarusha na Wameru walioshindwa vitani. Nyumba kubwa ya pembe nne ikawa alama ya utawala. Baadaye wenyeji walipopanda kahawa na kupata fedha, wengi walinunua mabati. Bati la mikunjo lilibuniwa na Mwingereza Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, mwaka 1829. Halishiki moto upesi kama nyasi, wala halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Basi likawa heshima ya mwenye nyumba.

Wako walioona kwamba heshima hiyo imepita kiasi. Mwaka 1977, Mwalimu Nyerere alipoeleza yaliyotendeka katika miaka 10 ya Azimio la Arusha, aliwalaumu watu wanaong'ang'ania saruji na mabati, wakadharau matofali ya kuchoma na vigae vya udongo wao wenyewe. Kwa habari ya kuta twaona alisema kweli, kwa maana tofali lililochomwa vizuri hudumu miaka mingi. Lakini katika nchi ya Meru bati lina faida moja iliyo kubwa kuliko heshima.

Faida hiyo ni maji. Meru ni mlima wa volkano, na maji ya chemchemi na mito yake mingi yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto anywaye maji yaliyozidi sana kipimo hicho meno yake huota yakiwa na madoa ya kahawia, na akiendelea miaka mingi mifupa yaweza kupinda. Kuyachemsha hakusaidii, maana floraidi haitoki na mvuke. Lakini maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Paa la nyasi haliwezi kuyakinga yakawa safi, bati laweza.

Kwa hiyo mwenye kuchora ramani ya nyumba na aanze na paa. Nyumba ya mita 10 kwa mita 6 ina paa la mita za mraba 60 na zaidi. Kila milimita moja ya mvua huleta karibu lita 60. Mvua ya milimita 20 yaweza kuleta lita 1,200, isipokuwa kidogo kitakachopotea. Paa na liwe na miteremko miwili iliyonyooka, ili mifereji iwe michache, na tangi lenye kifuniko liwekwe karibu na jiko. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi. Chini ya bati iwekwe dari, kwa kuwa bati tupu halizuii baridi ya Olmotonyi kama zilivyozuia nyasi za wazee. Jiko nalo lipewe dohani.

Wazee walijenga nyumba iliyowakinga na baridi. Sisi yatupasa kujenga itakayowakinga watoto wetu na baridi, na moshi, na maji mabaya pia.