Kihispania kama Msingi: Shule za Umma za Marekani na Watoto wa Kilatino

Katika shule za umma za Marekani, zaidi ya mwanafunzi mmoja kati ya wanne ana asili ya Amerika ya Kilatini. Hawako Texas na California peke yake. Viwanda vya nyama na kuku vimevuta familia zao hadi miji midogo ya Iowa, Nebraska na Georgia, na wengi wa watoto hao wamezaliwa Marekani. Hata hivyo, mipango mingi ya elimu ingali ikiwachukulia kama wageni, na lugha ya nyumbani kwao kama kasoro ya kuondolewa haraka. Makala hii inapinga mtazamo huo. Mtoto anayelazimishwa kuacha Kihispania mlangoni huacha pia sehemu kubwa ya yale ambayo tayari anayajua.

Haki ya kuingia darasani yenyewe ilipiganiwa. Katika miaka ya 1940, huko Westminster, California, shangazi mmoja alipeleka watoto kuandikishwa shule. Wanawe, waliokuwa weupe zaidi na wenye jina la ukoo lililosikika kama la Kifaransa, walikubaliwa. Watoto wa kaka yake, akina Mendez, wakaambiwa waende shule ya Wameksiko. Familia ilishtaki, ikashinda mwaka 1946, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikathibitisha ushindi huo, miaka saba kabla ya hukumu mashuhuri ya Brown iliyoharamisha utengano wa rangi katika shule za umma. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler, Mahakama ya Juu ilizuia Texas kuwafungia shule watoto wasio na hati za ukaazi.

Lakini kuingia si kuelewa. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau iliyofunguliwa na familia za Kichina za San Francisco, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule si usawa ikiwa haelewi kinachosemwa. Mahakama haikuagiza mbinu ya kufundishia, na mabishano yakahamia hapo.

Jibu moja lilikwisha kujaribiwa. Shule ya Coral Way mjini Miami ilianza mwaka 1963 kufundisha watoto wa wakimbizi wa Kuba pamoja na watoto wazungumzaji wa Kiingereza, sehemu ya siku kwa Kihispania na sehemu kwa Kiingereza. Kila kundi lilikuwa na la kujifunza kwa mwenzake. Bahati mbaya, programu nyingi zilizofuata ziliitwa za lugha mbili bila kuwa na walimu wa kuzibeba. Ndiyo maana mwaka 1996 baadhi ya wazazi wa Kilatino mjini Los Angeles waligoma kupeleka watoto shule, wakilalamika kwamba hawafundishwi Kiingereza. Malalamiko yao yalikuwa ya haki na hayapaswi kupuuzwa. Lakini dawa iliyotolewa mwaka 1998, pale wapiga kura wa California walipoamua kubana ufundishaji wa lugha mbili, ilikosea ugonjwa. Uamuzi huo ulikuja kufutwa kwa kura mwaka 2016, na kizazi kizima kilikuwa kimeshapita.

Kosa la uamuzi huo wa 1998 lilikuwa kudhani kwamba mwaka mmoja wa Kiingereza unatosha. Mtafiti wa lugha mbili Jim Cummins alionyesha kwamba mtoto huweza kumudu mazungumzo ya kila siku kwa takriban miaka miwili, lakini lugha ya vitabu humchukua mitano au zaidi. Mtoto wa darasa la nne anayecheka na kubishana uwanjani kwa Kiingereza fasaha anaweza kukwama kwenye swali la sehemu, ilhali hesabu yenyewe angeifanya kwa Kihispania. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo humwandika mzito. Mtanzania aliyehama kutoka Kiswahili cha shule ya msingi kuingia Kiingereza cha Kidato cha Kwanza hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo hitaji la kwanza ni walimu wanaomudu lugha zote mbili. Wengi wanaoweza kuwa walimu hao wamo shuleni tayari kama wasaidizi wa darasa, wakilipwa kidogo. Wilaya zigharimie masomo yao hadi wapate leseni. Pili, wakalimani wa kuajiriwa. Si haki binti wa miaka kumi akae kati ya mama yake na mwalimu, akitafsiri habari za kufeli kwake mwenyewe.

Yote haya yanataka fedha, na kodi ya majengo na ardhi ya eneo ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya fedha za shule. Wazazi wa Edgewood, wilaya maskini ya San Antonio yenye Wamarekani wengi wa asili ya Meksiko, waliupinga mfumo huo hadi Mahakama ya Juu, wakashindwa mwaka 1973 kwa kura 5 dhidi ya 4. Tangu hapo mzigo wa kurekebisha uko kwa majimbo, na majimbo ndiyo yanayopaswa kubanwa.

Liko onyo moja, alilolitoa mtafiti Guadalupe Valdés mwaka 1997: programu za lugha mbili zinaweza kuwafaidi zaidi watoto wa wazungumzaji wa Kiingereza kuliko wale zilizoanzishwa kwa ajili yao. Pale familia zenye uwezo zinapozipenda shule hizo, nafasi huwa chache na mwenye sauti hutangulia. Wilaya inayofungua programu kama hiyo itenge kwanza viti vya watoto wanaozungumza Kihispania nyumbani, na iandike sharti hilo kwenye kanuni za uandikishaji kabla ya mlango kufunguliwa.