Bastola Zilizozaliwa Kwenye Meza ya Fundi

Mwaka 1975 Mmarekani Ray Chapman alitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa kulenga shabaha kwa vitendo, mjini Zurich. IPSC, shirikisho la mchezo huo, iliundwa mwaka uliofuata huko Columbia, Missouri. Bingwa alikitangulia chama. Rais wake wa kwanza, Jeff Cooper, alitaka mashindano yafanane na mapambano: mtu akimbie, ajibanze, apige shabaha nyingi upesi, tena kwa bastola ya kawaida ya kiunoni. Kwa wengi hiyo ilikuwa Colt 1911 ya .45, yenye risasi saba kwenye magazini.

Kilichoiondoa .45 hiyo mashindanoni ni kanuni iliyowekwa kuilinda. Ili washindani wasije na risasi hafifu zisizo na teke, kiliwekwa kipimo cha nguvu: uzito wa risasi ukizidishwa kwa kasi yake. Aliyekifikia alipewa pointi zaidi risasi ikigonga nje ya katikati ya shabaha. Katika miaka ya 1980 Rob Leatham na Brian Enos wa Arizona waliisoma kanuni hiyo kwa jicho la wakili: haikutaja unene wa risasi popote. Wakaigeukia .38 Super, risasi ya mwaka 1929 ambayo wengi walikuwa wameisahau. Risasi yake ni nyepesi lakini huenda kasi, na gesi yake nyingi ilielekezwa juu kupitia matundu ya kifaa kilichofungwa mdomoni mwa mtutu, ikaukandamiza usiruke.

Hapo mafundi wakashika tupa. Mwaka 1990 Doug Koenig alishinda ubingwa wa dunia Adelaide akilenga kwa nukta nyekundu ndani ya mrija mnene kama tochi. Sandy Strayer na Virgil Tripp nao wakaigawa fremu ya 1911 vipande viwili, chuma juu na mpini wa plastiki chini, ili iingie magazini pana. Kwa macho yangu, nyingi za bastola hizo ni mbaya kabisa.

Leo bastola hizo za majaribio zinasakwa na wakusanyaji, na hapo ndipo kazi huanza. Bastola ya mashindano haikai salama: mtutu huchakaa ukabadilishwa, fundi hurudi kuikata upya msimu ukiisha. Iliyoshinda sana ndiyo iliyobakiwa na vipande vichache vya asili, kwa hiyo mnunuzi makini hudai kwanza barua ya fundi na picha za wakati ule.