Kipulizio cha saksafoni

Kipulizio cha saksafoni (au mausipisi) ni kipande kinachoingia mdomoni mwa mpigaji na kubeba ulimi wa mwanzi unaotikisika na kutoa sauti. Huvalishwa kwenye shingo ya ala na huweza kuvuliwa, kwa hiyo hubadilishwa kwa urahisi kuliko sehemu nyingine zote. Ndiyo maana saksafoni nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1950 hupigwa leo kwa vipulizio ambavyo havikutengenezwa kwa ajili yake. Kipulizio kisicholingana na ala huifanya ikosane na ala nyingine katika bendi, hata kama mwili, vibonyezo na pedi zake ni vizima. Saksafoni ya namna hiyo huweza kudhaniwa kuwa mbovu na kutupwa, ilhali kilichohitaji kubadilishwa ni kipande kimoja tu.

Sehemu zake

Kipulizio huwa na sehemu hizi:

* Ncha ni upande wa mbele unaoingia mdomoni. Nafasi kati ya ncha ya kipulizio na ncha ya ulimi huitwa uwazi wa ncha.
* Meza ni sehemu bapa ya chini ambapo ulimi hulazwa. Karibu na ncha meza hujipinda polepole ili ulimi upate nafasi ya kutikisika.
* Dari ni uso wa ndani unaoutazama ulimi, nyuma tu ya ncha. Dari iliyo juu, karibu na ulimi, hutoa sauti kali. Dari iliyo chini hutoa sauti laini.
* Chumba ni uwazi wa ndani kati ya dari na shina.
* Shina ni sehemu ya nyuma inayovalishwa kwenye shingo ya saksafoni. Shingo huzungushiwa ukanda wa gome laini, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo, ili hewa isivuje.

Ulimi hukatwa kutoka mmea wa jamii ya matete uitwao kitaalamu Arundo donax, na hufungwa kwenye meza kwa kibano. Ugumu wa ulimi huonyeshwa kwa namba, kwa kawaida kuanzia 1 hadi 5. Namba kubwa ni ulimi mgumu zaidi.

Vipulizio hutengenezwa kwa ebonaiti (mpira mgumu), metali au plastiki. Vile vya awali vilikuwa vya mbao. Watu wengi huamini kwamba metali ndiyo inayotoa sauti kali, lakini umbo la ndani lina athari kubwa zaidi kuliko kitu kilichotumika. Vipulizio vingi vya metali husikika vikali kwa sababu vimepewa dari ya juu na chumba chembamba.

Kwa nini ukubwa wa ndani ni muhimu

Mwili wa saksafoni ni koni, yaani bomba linaloanza jembamba na kupanuka hadi mdomo wa chini. Koni hiyo haifiki kwenye ncha yake. Imekatwa pale shingo inapoanzia, kwa kuwa haiwezekani kupuliza kwenye ncha isiyo na tundu. Kipulizio ndicho kinachoshika nafasi ya kipande kilichokatwa.

Mwanafizikia Mmarekani Arthur Benade alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu sauti za ala za muziki. Ili noti za oktava ya chini na ya juu zikubaliane, nafasi ya hewa ndani ya kipulizio, pamoja na nyongeza ndogo inayoletwa na mtikisiko wa ulimi, inapaswa kulingana na ujazo wa kipande cha koni kinachokosekana. Ujazo huo hutofautiana kati ya ala na ala, kwa sababu kila mtengenezaji huchagua upana wa koni yake na mahali pa kuikata.

Kutokana na hilo, hakuna kipulizio kinachofaa saksafoni zote. Bei yake, au sifa ya mpigaji maarufu aliyekitumia, haisemi lolote kuhusu ujazo wake.

Mabadiliko ya kihistoria

Saksafoni ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Sax (1814–1894), aliyepata hataza yake Paris mwaka 1846. Vipulizio vyake vilikuwa na chumba kikubwa cha mviringo na dari ya chini. Umbo hilo liliendelea kutumika hadi miaka ya 1920, na kampuni za Marekani kama Conn na Buescher zilitengeneza saksafoni zao zikilitegemea. Mpigaji Sigurd Rascher alilitetea umbo hilo maisha yake yote.

Katika miaka ya 1930 na 1940 bendi za dansi za Marekani na Ulaya zilikuwa kubwa na kumbi zilikuwa na kelele. Wapigaji walitaka sauti inayopenya. Watengenezaji waliinua dari na kupunguza chumba. Miongoni mwao walikuwa Brilhart wa Marekani na Berg Larsen wa Uingereza. Saksafoni zenyewe zilibadilika pia: kampuni ya Selmer ya Ufaransa ilitoa Balanced Action mwaka 1936 na Mark VI mwaka 1954, na muundo wa Mark VI ukawa kielelezo kwa viwanda vingi. Vipulizio vingi vya leo vinalenga ala za ukoo huo. Kikivalishwa kwenye Conn au Buescher ya miaka ya 1920, kipulizio cha kisasa chenye chumba kidogo huenda kisijaze nafasi iliyokusudiwa.

Saksafoni katika muziki wa dansi wa Afrika Mashariki

Saksafoni ilipata nafasi kubwa katika rumba ya Kongo. Jean-Serge Essous alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956. Manu Dibango wa Kamerun alijiunga na African Jazz ya Joseph Kabasele mwaka 1961. Na Verckys Kiamuangana alipiga saksafoni katika OK Jazz kuanzia mwaka 1963 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Nchini Tanzania saksafoni na tarumbeta zilisikika katika bendi kama NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, na Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978. Kutoka kaskazini, bendi ya Arusha Jazz ya ndugu Wilson na George Peter Kinyonga ilihamia Kenya na kujulikana kama Simba Wanyika.

Katika muziki huu saksafoni huenda bega kwa bega na magitaa ya umeme. Mpigaji huvutiwa na kipulizio chenye sauti kali ili asimezwe na spika. Hapo ndipo tatizo la ala za zamani hujitokeza: kipulizio kinachosikika vizuri peke yake huweza kuipandisha oktava ya juu, na mpigaji akagongana na tarumbeta wanapopiga kwa pamoja.

Namna ya kupima

Kabla ya kulaumu kipulizio, ala ikaguliwe kama inavuja. Taa ndogo huingizwa ndani ya bomba katika chumba chenye giza. Mwanga ukionekana pembeni mwa pedi iliyofungwa, pedi hiyo inavuja na irekebishwe kwanza. Kisha hufuata hatua hizi, kwa kutumia kipima noti au programu ya simu:

1. Ala ipigwe dakika kadhaa hadi ipate joto.
2. Noti A ya hezi 440 itafutwe. Kwenye saksafoni ya alto noti hiyo huandikwa F#, na kwenye tenor huandikwa B.
3. Mahali kipulizio kilipofika kwenye ukanda wa shingo paangaliwe.
4. Noti za oktava ya chini zilinganishwe na zile zile za oktava ya juu, bila kuzirekebisha kwa midomo.
5. Noti ya chini kabisa ipigwe, kisha oktava yake itolewe bila kubadili vidole. Oktava hiyo ilinganishwe na noti hiyo hiyo ikipigwa kwa vidole vyake vya kawaida.

Matokeo husomwa hivi:

* Kipulizio kikilazimika kuvutwa nje hadi kukaribia kuchomoka, na noti za juu zikapanda kuliko za chini, kwa kawaida chumba ni kidogo mno.
* Kipulizio kikisukumwa hadi mwisho na ala bado ikawa chini, au noti za juu zikashuka kuliko za chini, kwa kawaida chumba ni kikubwa mno.
* Noti za chini zikitetemeka kama mngurumo wa injini ilhali pedi hazivuji, ujazo wa kipulizio uchunguzwe.
* Oktava zikikubaliana lakini sauti ikawa hafifu au nzito kupuliza, ujazo unafaa. Kinachohitaji kubadilishwa ni uwazi wa ncha, dari au ugumu wa ulimi.

Namba za uwazi wa ncha hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Otto Link 7* ya tenor ina uwazi wa inchi 0.105, karibu milimita 2.7. Kwenye Berg Larsen alama kama 110/2 humaanisha uwazi wa inchi 0.110, na namba ya pili huonyesha umbo la ndani, kuanzia 0 lenye sauti kali hadi 3 lenye sauti laini. Uwazi mkubwa kwa kawaida huhitaji ulimi laini zaidi.

Kurekebisha

Tiba ya kwanza ni kuazima vipulizio viwili au vitatu vyenye vyumba vya ukubwa tofauti na kurudia kipimo. Chumba kikiwa kikubwa mno, kinaweza kupunguzwa kwa kubandika kidogo kidogo udongo laini usiokauka kwenye kuta za ndani. Matokeo yasiporidhisha, udongo hutolewa na kipulizio hubaki kama kilivyokuwa. Kupanua chumba kwa tupa ni kazi ya fundi mwenye uzoefu, kwa maana kilichokwanguliwa hakirudi.

Shina likiwa pana kwa shingo, karatasi iliyozungushwa hutosha kwa muda wa majaribio. Likiwa jembamba, ukanda hupunguzwa kwa msasa. Shingo yenyewe haipaswi kukatwa wala kukwanguliwa.

Kasoro isiyotibika kwa kipulizio

Baadhi ya saksafoni za mwanzoni mwa karne ya 20 zilitengenezwa kwa kipimo cha juu, ambapo noti A ilikuwa kati ya hezi 452 na 457. Tofauti kati ya 457 na 440 ni zaidi ya nusu ya nusu-toni. Kipulizio kikivutwa nje ili kuishusha, noti fupi hushuka sana na ndefu hushuka kidogo, hivyo ala huvurugika. Ala za Marekani za kipindi hicho mara nyingi hugongwa alama karibu na namba yake: L, LP au "Low Pitch" kwa kipimo cha chini kinachokubaliana na cha leo, na H, HP au "High Pitch" kwa kipimo cha juu. Alama hiyo itazamwe kabla ya kununua.

Saksafoni ya C melody, iliyopendwa Marekani katika miaka ya 1920, si yenye kasoro bali ni ya aina nyingine. Ukubwa wake uko kati ya alto na tenor, na huhitaji kipulizio chake au cha tenor kilichopimwa nayo.

Athari ya baridi ya nyanda za juu

Joto la hewa hubadili matokeo ya vipimo vyote. Sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 30 za selsiasi, na mita 340 katika nyuzi 15. Hewa ya bomba lote ikipoa kwa kiasi hicho, noti hushuka kwa karibu nusu ya nusu-toni. Pumzi ya mpigaji hupunguza tofauti hiyo ala inapopata joto.

Wilaya za Karatu na Ngorongoro katika Mkoa wa Arusha ni mfano mzuri. Mji wa Karatu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro hupita mita 2,200. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali ukilinganisha na Dar es Salaam. Mpigaji anayetoka pwani hukuta ala yake imeshuka. Nyuzi za gitaa zilizofungwa kwenye joto hupanda kidogo zinapopoa, na kinanda cha umeme hakibadiliki kabisa, kwa hiyo pengo huonekana kubwa. Wembamba wa hewa ya mwinuko si chanzo. Kasi ya sauti hutegemea joto zaidi kuliko kanieneo.

Kipulizio kilichopimwa kwenye joto la pwani na kukaa karibu na mwisho wa shingo hakitakuwa na nafasi ya kusukumwa zaidi katika baridi. Kipulizio kinachofaa hubakiza nafasi ya kusogezwa pande zote mbili. Vilevile ala isipimwe mara tu inapotolewa kwenye mkoba, na ulimi uloweshwe vizuri, kwa kuwa katika ukavu wa kiangazi ncha yake hujikunja upesi.

Utunzaji

Kipulizio huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Maji ya moto na jua hugeuza ebonaiti kuwa ya kijani au kahawia na huweza kupinda meza. Vumbi la barabara za udongo lifutwe kabla ya kuvalisha ulimi, maana chembe ndogo kati ya ulimi na meza hutosha kuvujisha hewa. Kipulizio cha zamani kilichokuja pamoja na ala kisitupwe hata kama hakipendezi kwa sura: mara nyingi ndicho kipimo cha karibu zaidi cha ujazo ambao mtengenezaji aliukusudia.

Tazama pia

* Saksafoni
* Adolphe Sax
* Tarumbeta
* Muziki wa dansi
* Karatu