Kwa Nini Nurunari, Wala Si Bunduki ya Mwanga

Katika orodha moja ya istilahi za kijeshi iliyonifikia, silaha ya leza imefasiriwa kuwa "bunduki ya mwanga", na waliofasiri hivyo, ijapokuwa ni watu wa vyeo na vyeti, hawakuona haja ya kushauriana na wenyeji wa pwani. Kwani lau wangaliuliza, wangaliambiwa kuwa mwanga ni pia yule mchawi wa usiku, na kwamba bunduki ya mwanga, kwa mzee wa Unguja au wa Mrima, haiwezi kuwa ila zana ya ulozi. Niliwaandikia kwa taadhima, wala sikujibiwa.

Na hilo neno bunduki ndilo kosa kubwa zaidi. Wazee wetu walipoletewa silaha ngeni waliipa jina kwa macho yao: gogo lililotobolewa la kufugia nyuki likawapa jina la mzinga, gari la chuma lisilosimamishwa na kichaka wala ukuta likaitwa kifaru, na kipande kipigwacho kikaitwa risasi kwa madini yake, kama lilivyo neno lenyewe kwa Kiarabu. Silaha hii mpya haina umbo la kushikwa na jicho. Ilipofungwa katika merikebu ya Kimarekani USS Ponce na kupelekwa Ghuba ya Uajemi mwaka 2014, haikuwa na baruti, wala mshindo, wala ganda la risasi: leza za kuchomelea vyuma viwandani, nguvu zake kwa jumla kilowati 30 hivi, zilikusanywa zikaelekezwa mahali pamoja, kwa mwale usioonekana, nao ukakazwa juu ya shabaha mpaka ikaungua. Mtazamaji huona droni ikifuka moshi ubavuni, kisha ikipinduka na kuanguka, asijue kilichoipata.

Hapo ndipo elimu ya binadamu inapohusika, kwa sababu vita, katika mila za mataifa mengi, vina sauti na wajihi, kuanzia ngoma na majigambo hata mngurumo wa mizinga. Hugh Gusterson, mwanaanthropolojia aliyeishi karibu na wanasayansi wa silaha wa Livermore, California, na kuchapisha kitabu chake Nuclear Rites mwaka 1996, alieleza kuwa jaribio la bomu la nyuklia lilikuwa kwao mithili ya jando, ambalo kwalo kijana wa maabara alihesabiwa kuwa mkubwa. Nashindwa kuona jando la silaha isiyotikisa ardhi. Naona, tena kwa hofu, silaha isiyomgharimu mwenyewe kitu, kwani Uingereza ilipotangaza Januari 2024 kuwa silaha yake ya leza, DragonFire, imepiga shabaha za angani, ilisema kila pigo hugharimu chini ya pauni 10.

Kitu kisichoonekana wala kusikika sharti kiitwe kwa tendo lake, na tendo la hiki ni nuru kugeuka moto, ndiyo maana napendekeza jina la nurunari. Katika Kiarabu, nuru na nari, yaani moto, zatoka katika shina moja, na katika shina hilo hilo umetoka mnara, ambao asili yake ni mahali pa kuwekea nuru. Basi mwenye kusema nurunari hakubandika maneno mawili yasiyojuana, bali amewarudisha ndugu nyumbani kwao. Wapinzani wangu husema nari ni neno la tenzi, halijulikani sokoni. Na baruti je, ilijulikana sokoni kabla ya kushushwa melini? Wengine wanapendelea "silaha ya mionzi", wakasahau kuwa mionzi ndiyo tiba wanayoifuata wagonjwa wa saratani pale hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na kwamba neno hilo likitajwa vitani humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye nyuklia.

Isitoshe, nuru ndilo jina letu la kuona, nuru ya macho. Itifaki iliyopitishwa Vienna Oktoba 1995, ikaanza kutumika 1998, imeharimisha leza zilizoundwa mahususi kumpofusha mtu daima. Na Mswahili akiambiwa kuwa ni haramu kutumia nurunari iliyoundwa kwa ajili ya kuondoa nuru ya macho, ameshafahamu sheria hiyo bila mkalimani.

Kwa matumizi: nurunari hii, nurunari hizi, haifyatuliwi, hukazwa, na leza libaki jina la chombo chenyewe, cha tabibu wa macho na cha fundi kiwandani.