Posho, Kiboko, 'Borrow me': Kiingereza kinachowaponza wengi Karagwe na Kyerwa

Muuza kahawa wa Nkwenda, dereva wa bodaboda wa Kayanga na mwanafunzi wa kidato cha kwanza Omurushaka wote wanakutana na Kiingereza kila siku. Shida ni kwamba si kimombo kimoja. Kipo cha darasani, kipo cha Waganda ukivuka Mto Kagera kutoka Murongo kwenda Kikagati, na kipo cha Rwanda, ambako Kiingereza kilianza kuwa lugha kuu ya kufundishia baada ya uamuzi wa mwaka 2008.

Tanzania, shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, halafu sekondari inaingia ngeli moja kwa moja. Uganda, mtoto huanza kufundishwa kwa Kiingereza darasa la nne. Ndiyo maana ng'ambo utakikuta hadi sokoni, kikiwa na maneno ambayo kwetu yana maana nyingine kabisa.

Haya ndiyo ya kujua kabla hayajakugharimu.

Maneno yanayobadilika ukivuka mpaka

Posho. Kwetu ni pesa ya kujikimu. Uganda ni ugali wa mahindi. Ukiahidiwa kibarua chenye "posho", uliza kwanza: ni hela au ni chakula?

Taxi. Kwetu teksi ni gari dogo la kukodi. Uganda "taxi" ni Hiace ya abiria, yaani daladala. Gari la kukodi peke yako wao huliita "special hire", na nauli yake ni nyingine kabisa.

Balance. Mganda akikwambia "give me my balance", anataka chenji yake.

Irish. Hazungumzii mtu wa Ireland. Ni viazi mviringo.

Well done. Ukiwa shambani unapalilia, mpita njia akasema hivyo, anakusalimia tu, kama sisi tunavyosema "pole na kazi". Hajapima ubora wa jembe lako.

You are lost. Ni "umepotea" yetu ile ile: hamjaonana siku nyingi.

Shillings. Nchi zote mbili zina shilingi, ila thamani hazilingani. Taja ni ya wapi kabla ya kupeana mkono.

Maneno ya namna hii ni mengi kiasi kwamba mwaka 2014 Bernard Sabiti alichapisha kamusi nzima ya Kiingereza cha Uganda, maarufu kama "Uglish".

Kahawa: hapa neno moja ni pesa

Kahawa iliyokaushwa na maganda yake, kwa Kiingereza cha biashara ni "dry cherry". Ikishakobolewa inaitwa "clean coffee", ndiyo kahawa safi. Uganda, robusta yenye maganda huitwa "kiboko", na iliyokobolewa huitwa "FAQ", kifupi cha "fair average quality". Usichanganye na FAQ za mitandaoni, ambazo ni maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

Kwa nini ni muhimu? Kahawa ya maganda ikikobolewa hubaki karibu nusu tu ya uzito. Ukisikia bei ya "FAQ" ukadhani ni ya maganda, utaona kama bei ya nyumbani ni wizi mtupu, kumbe unalinganisha vitu viwili tofauti.

Saa: hapa wengi wanachemka

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, Kiingereza kinaanzia usiku wa manane. Tofauti ni saa sita. "Eight o'clock" asubuhi ni saa mbili, siyo saa nane. Usaili wa "2 p.m." ni saa nane mchana.

Kuna mtego mwingine: Uganda na Tanzania saa zao ni sawa, lakini Rwanda iko nyuma kwa saa moja. Kikao cha "10 a.m." Kigali ni saa tano asubuhi Karagwe.

Makosa yanayotokana na Kiswahili

• "Borrow me your pen." Kiswahili "azima" hubeba kutoa na kupokea. Kiingereza kinatenganisha: anayetoa "lends", anayepokea "borrows". Sema "lend me your pen".

• "He" kwa mwanamke. "Yeye" haina jinsia, kwa Kiswahili wala Kinyambo. Mwanamke ni "she", mwanaume ni "he".

• "I hear a bad smell." Sisi tunasikia harufu, Waingereza wanainusa: "I smell something bad".

• "Drink the tablets." Dawa "unai-take", hata kama ni ya maji.

• "Am at home." Hiki kimejaa WhatsApp. Sahihi ni "I'm" au "I am".

• "Advices, informations, furnitures." Hayo hayachukui "s".

• "Discuss about the issue." Ondoa "about".

• "My small father." Baba mdogo ni "uncle". Na mtoto wa baba mdogo ni "cousin", siyo "brother". Kwenye fomu ya viza au ya ufadhili wa masomo, kosa hili linaweza kuonekana kama umedanganya kuhusu familia yako.

'Yes' inayomaanisha 'No'

Daktari mgeni akiuliza "You don't have any allergy?", Mtanzania asiye na mzio hujibu "Yes", akimaanisha "ndiyo, sina". Daktari anaweza kuelewa kwamba unao. Kiingereza kinataka "No". Njia salama ni kujibu sentensi nzima: "I don't have any allergy."

L na R

Kinyambo hakitenganishi sauti hizi kama Kiingereza, na hata kwenye Kiswahili cha wengi zinapishana. Kwa Kiingereza maana inageuka: "rice" ni mchele na "lice" ni chawa, "pray" ni kuomba na "play" ni kucheza, "correct the books" ni kusahihisha na "collect the books" ni kukusanya. Dawa ni kuzifanyia mazoezi mbili mbili kwa sauti. Kwa L, ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu. Kwa R ya Kiingereza, haigusi popote.

Sauti ya "th" isikutishe, unayo tayari. Ya "think" ipo kwenye "thelathini", ya "this" ipo kwenye "dhahabu".

Kosa au lahaja?

Siyo kila tofauti ni kosa. "Sorry" kumwambia mtu aliyejikwaa ni kawaida Afrika Mashariki nzima, maana ndiyo "pole" yetu. Ila Mmarekani anaweza kushangaa, kwa sababu kwake mara nyingi neno hilo ni la kuomba radhi kwa kosa ulilofanya mwenyewe.

Kwa hiyo angalia unaongea na nani. Sokoni Kikagati, sema "balance" na "Irish", mtaelewana haraka. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, barua ya kazi au fomu ya ubalozi, tumia Kiingereza sanifu. Na kwenye bei, saa au dawa, usione aibu kuuliza mara ya pili.