Kalamu na Skana: Uchoraji wa Zana za Mawe

Tangu John Frere alipokiandikia chama cha wanamambokale cha London mwaka 1797 kuhusu mashoka ya mkono yaliyofukuliwa Hoxne, Uingereza, na michoro yake ikachapishwa mwaka 1800, elimu ya zana za mawe imekwenda sambamba na ustadi wa kuzichora, kwani msomaji aliye mbali na jumba la makumbusho hakuwa na njia nyingine ya kulifahamu jiwe lenyewe. Uchoraji huo una kanuni zake: mwanga huchukuliwa kuwa unatoka juu upande wa kushoto, kila kovu, yaani alama iliyoachwa na kibanzi kilichobanduliwa, hujazwa mistari ya mviringo inayofuata mawimbi ya pigo, na gamba la asili la jiwe huonyeshwa kwa nukta.

Katika Afrika Mashariki kanuni hizo zilipata mkono hodari wa Mary Leakey, ambaye alianza kama mchoraji, akachora zana za kitabu cha Gertrude Caton-Thompson kuhusu Fayum ya Misri kilichotoka mwaka 1934, kisha akatumia miongo ya maisha yake katika Bonde la Olduvai, Tanzania. Juzuu lake la mwaka 1971, lihusulo matabaka mawili ya chini ya bonde hilo, lingali rejea ya msingi kwa kila anayechunguza zana za Kioldowan, mtindo wa kale uliopewa jina la Olduvai, na bila michoro iliyomo maelezo yake mengi yasingeeleweka.

Skana ya mwanga hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Huliangazia jiwe michirizi ya mwanga, kamera zikanasa jinsi michirizi hiyo inavyopinda juu ya uso wake, na kompyuta ikakokotoa mahali pa kila nukta hadi kupata wavu wa pembetatu ndogo mno, ambao waweza kugeuzwa, kukatwa popote, kupimwa ujazo na pembe za makali, au kumulikwa upya kutoka upande wowote. Programu ya Artifact3-D, iliyoundwa na jopo la Leore Grosman katika Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, huliweka jiwe katika mkao wake na kutoa picha za pande zote bila kutegemea jicho la mtu, jambo linaloondoa tofauti kati ya mchoraji mmoja na mwingine.

Hata hivyo, si kila jiwe hukubali kuskaniwa kwa urahisi. Kioo cha volkano cha Naivasha, Kenya, hung'aa na kupitisha mwanga, hivyo mara nyingi hulazimika kupakwa unga mwembamba kabla ya kuskaniwa. Kwarziti ya kilima cha Naibor Soit, iliyotumika sana Olduvai, ina chembe kubwa, na skana huuandika mparuzo wa kila chembe kwa uzito uleule inaoupa ukingo wa kovu, ilhali mchoraji mzoefu, akiwa na jiwe mkononi, huamua kovu lipi lilikata lipi na pigo lipi lilitangulia. Uamuzi huo ndio elimu yenyewe, na ni kosa kuuacha upotee kwa sababu picha ya kompyuta inavutia zaidi. Utaratibu ulio bora ni kuchukua umbo na vipimo kutoka kwenye wavu, kisha kumwachia mchoraji makovu, mishale inayoonyesha mwelekeo wa mapigo na mpangilio wake, na kuzichapisha picha zote mbili ubavu kwa ubavu ili msomaji aweze kuupinga uamuzi wa mchoraji akiona sababu.